Gari ya kulala inagonga, inalia, inatangatanga: kutafuta bushi iliyokufa na kuifunga mwenyewe

Nianze na kitu kilichonigharimu seti mbili za bushi ndani ya mwaka mmoja: nati ya bushi (ile raba yenye chuma) ya ami, yaani mkono wa chuma unaoshika gurudumu, inakazwa mwisho gari ikiwa imekanyaga chini kwa matairi yake, na mzigo wake wote ndani, haikazwi ikiwa inaning'inia kwenye jeki. Kama una haraka shika hilo kwanza, mengine utasoma ukipata nafasi.

Gari yangu ni Hiace, ileile tuliyoizoea kwenye daladala, ila nimetoa siti zote za nyuma nikaweka kitanda, kabati la mbao, tangi la maji la lita 80, mtungi wa gesi wa kilo 15 na betri ya pili ya taa na feni. Naishi Tegeta, wikiendi naishusha Kigamboni mpaka Kimbiji, likizo inaenda Pangani au Lushoto. Mbele ina ami ya juu na ami ya chini kila upande, torsheni ba, yaani chuma kirefu kinachobeba gari kwa kujinyonga, badala ya koili springi, halafu kuna fimbo ndefu inayotoka kwenye ami ya chini kwenda kwenye chasisi, kazi yake kuizuia ami isirudi nyuma wala isiende mbele, hiyo mafundi wanaiita strati ba, na kuna stablaiza, chuma kinachozuia gari isilale sana kwenye kona. Nyuma ni lifu springi, zile za mabamba, mbele yake imeshikwa na pini na nyuma yake ina sheko, kiungo kinachochezacheza springi ikinyooka. Yako ikiwa ni Noah au Coaster au Land Cruiser iliyofungwa hema juu, sehemu zitatofautiana ila dalili utazikuta ni zilezile.

Sasa bushi yenyewe. Chukua ile ya ami ya chini uiangalie mkononi: kuna bomba dogo la chuma ndani, bomba kubwa nje, katikati raba, na hiyo raba haikuchomekwa tu, imegandishwa kwenye chuma pande zote mbili. Bomba la nje limeshindiliwa kwenye ami, bomba la ndani limebanwa na bolti kwenye chasisi. Yaani hakuna kitu kinachozunguka humo. Ami ikipanda au kushuka ni raba ndo inajinyonga, kama unavyokamua nguo, halafu inarudi yenyewe. Ukiikaza ami ikiwa imening'inia chini kabisa, unaiambia raba kwamba hapo ndo nyumbani, ukishusha gari tu inakuwa imeshakamuliwa kabla hujatembea hata mita moja na inabaki hivo usiku na mchana. Kila tuta linaikamua zaidi. Gari ya kawaida abiria wanashuka, mzigo unashushwa, bushi inapata kupumua, ila gari ya kulala haishushi mzigo hata siku moja, hata ikiwa imepaki nyumbani mwezi mzima bado imebeba nyumba.

Hilo nilifundishwa na mzee mmoja wa mtaa wa Gerezani hapa Dar anayepiga presi, mashine ya kutoa na kushindilia bushi. Seti yangu ya kwanza ilikuwa imekufa baada ya miezi mitano, ya pili vilevile, na mimi nimeshaanza kulaumu maduka ya spea kwamba wanauza feki. Nikampelekea ami na bushi yake ndani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Lete nione." Akaigeuzageuza, akaipeleka kwenye mwanga. "Hii umefunga wewe?"

"Amefunga fundi, alitumia mashine ya upepo ya kukazia nati."

"Gari ikiwa juu?"

"Ndiyo, juu."

"Basi mwanangu, hii haijaisha. Imenyongwa."

Akanionyesha kwa ncha ya bisibisi. Raba ilikuwa bado nyeusi inang'aa kama mpya, ila upande mmoja tu kulikuwa na mpasuko unaozunguka kufuata bomba la ndani, kama umechora kwa wembe. Bushi iliyozeeka haipasuki vile, iliyozeeka inakauka kote, inapata nyufa ndogondogo kama udongo wa kiangazi na inamwaga unga mweusi. Tangu siku hiyo nikitoa bushi ya zamani siitupi kabla sijaiangalia imekufaje.

Ngo-ngo-ngo kwenye vishimo vidogo, mwendo mdogo

Hii ndo wengi wanaanza nayo. Upo spidi 20 kwenye barabara ya mtaani, lami imeliwa kingo, gari inagonga kama kuna spana imesahaulika chini. Ukishika mwendo barabara kubwa inanyamaza. Asilimia kubwa ya hapo sio ami, ni stablaiza, aidha zile bushi mbili za katikati zinazoibana kwenye chasisi au linki zake za pembeni. Kujua ni rahisi sana: fungua linki za stablaiza pande zote mbili, zifunge kwa waya zisigongegonge, halafu zungusha gari mtaani taratibu sana, usiingie nayo barabara kuu maana sasa italala kwenye kona kuliko ulivyozoea. Ngo-ngo ikiisha umempata mwizi wako. Isipoisha rudisha linki uendelee na boljointi, kile kiungo kinachounga ami na gurudumu, na bushi za shokapu.

Boljointi usiichanganye na bushi maana zinatoa sauti zinazofanana. Tairi likiwa hewani na ami ya chini imeegemea jeki, ingiza mtaimbo chini ya tairi unyanyue kwa kushtukiza huku mwenzio ameweka vidole kwenye boljointi. Akisikia mchezo pale, ni boljointi, na hiyo usiilaze, boljointi ikichomoka tairi linalala na gari inakaa chini palepale ilipo. Bushi hata ikichoka sana inakupa muda, boljointi haikupi.

Gonga moja nzito ukikanyaga breki au ukiondoka

Sio ngo-ngo, ni "gum!" moja tu, unaisikia kwenye miguu. Ukifunga breki, gum. Ukiachia klachi kuondoka, gum tena. Kwangu ilijitokeza njia ya Chalinze, kila tuta la kijijini nikifunga breki inapiga, na usukani unavuta kidogo upande wa kushoto halafu unarudi. Hapo anza na bushi za strati ba. Ukifunga breki tairi linataka kubaki nyuma wakati gari inakwenda, na kinacholivuta lisibaki ni hiyo fimbo. Raba yake ikiisha tairi linarudi nyuma kwanza, ndipo chuma kinakutana na chuma.

Namna ya kuliona kwa macho: mtu mmoja akae kwenye usukani, injini inawaka, gia namba moja, mguu kwenye breki, aachie klachi kidogo tu gari itake kwenda halafu aibonyeze tena, kisha arudie kwa gia ya rivasi. Wewe simama pembeni, narudia pembeni, sio mbele wala nyuma ya gari, uangalie nafasi kati ya tairi na madigadi. Bushi ikiwa nzima tairi halihami. Nilipofanya kwangu na dogo wa jirani ameshika klachi, tairi la kushoto lilitembea kama upana wa kidole, la kulia halikutikisika. Sikuhitaji ushahidi mwingine.

Ila kabla hujanunua strati bushi jaribu na hili: weka niutro, kanyaga mafuta kwa ghafla gari ikiwa imesimama. Gonga ikitokea hapo, ni mauntini ya injini, zile raba zinazoishika injini, magurudumu hayahusiki kabisa.

Mlio wa kwi-kwi, kama kitanda cha kamba

Unasikika zaidi asubuhi kukiwa kukavu, mvua ikinyesha unapotea. Kwenye lifu springi mara nyingi ni bushi za sheko au springi zenyewe zinasuguana. Chukua chupa ya kupulizia ile ya kusafishia vioo, weka maji na sabuni kidogo, mwenzio aitikise gari kwa nyuma, puliza bushi moja, sikiliza, subiri, puliza nyingine. Ile ambayo ukiilowesha mlio unakufa ndo yenyewe. Usipulize zote kwa pamoja, utarudi nyumbani gari imenyamaza na hujui kilichonyamaza ni kipi.

Na hapa nina ombi moja kwa uchungu kabisa: acheni kupaka oili chafu na dizeli chini ya gari. Najua wengi tunafanya ili kuzuia kutu, hasa sisi tunaokaa karibu na bahari, na wanaoosha magari ukiwaambia "nipulizie chini" wanapuliza kila mahali. Oili na dizeli zinaivimbisha raba, inakuwa laini kama ubani uliotafunwa, halafu inaachana na chuma. Kama ni kuzuia kutu paka rangi ya chasisi kwa brashi, ukifika kwenye raba ruka. Hata WD-40 usiigeuze dawa ya kila siku ya kunyamazisha bushi.

Tairi linalika ndani, usukani hautulii

Tairi la mbele kuliwa upande wa ndani kuliko nje, fikiria bushi za ami ya juu au ya chini zimelegea tairi likalala, au kichwa cha tairodi, fimbo ya usukani, kimechoka. Watu wanakimbilia alaimenti, kupanga pembe za matairi, wanalipa, wiki mbili baadaye imepotea. Alaimenti haishiki kwenye bushi iliyokufa, mtu anaweka kipimo leo, gari inakanyaga shimo la kwanza, ami inahama, kipimo kimekwenda. Bushi kwanza, alaimenti baadaye, siku zote.

Kutangatanga ni habari nyingine, na kwa gari ya kulala ndo dalili ninayoiogopa kuliko zote. Upo spidi 80, basi kubwa linakupita, upepo wake unakusukuma, unarudisha usukani, gari inachelewa kuitika halafu inaitika kupita kiasi. Wengi wanatafuta ugonjwa mbele wakati upo nyuma. Bushi za lifu springi zikiisha ekseli nzima ya nyuma inahama upande, kwahiyo gari inaongozwa na mbele na nyuma kwa wakati mmoja, inatembea upande kama kaa. Paki sehemu tambarare, weka mikono kwenye kona ya juu ya bodi nyuma, isukume kulia kushoto, mwenzio achungulie sheko kwa tochi. Sheko ikilala upande kwanza ndipo springi ifuate, bushi hakuna. Akiwa hukohuko aangalie na yuboti, bolti za umbo la U zinazofunga ekseli kwenye springi, kama nati zake zina mstari wa kutu mpya ya rangi ya machungwa, hiyo inamaanisha zinalegea na chuma kinasuguana.

Visivyokuwa bushi

Gari kulala upande mmoja ikiwa imesimama, hiyo torsheni ba au springi imechoka, au umepanga nyumba yako vibaya. Lita 80 za maji ni kilo 80, ni mtu mzima amekaa kona moja maisha yake yote, na yangu iko upande wa kulia. Usukani kutetemeka kuanzia spidi 80 au 90 kwenye lami nzuri, kafanye balansi ya matairi. Ukitetemeka ukifunga breki tu, angalia diski. Gari kuendelea kudunda mara tatu nne baada ya tuta, shokapu.

Kabla ya kuingia chini

Sehemu kubwa ya Dar ni mchanga. Kigamboni, Mbweni, Tegeta, jeki inazama taratibu huku wewe unaiangalia. Weka ubao mgumu wa inchi mbili chini ya jeki na chini ya kila stendi, uwe mpana, sio kipande cha kuni. Masika sifanyi kazi hii nje kabisa. Mawe mbele na nyuma ya matairi yanayobaki chini, gia imeingizwa, hendibreki juu. Mtungi wa gesi utoke nje ya gari, hasa kama kuna mtu atakuja na moto wa kuchomelea. Mwaga maji ya tangi, toa vitu vizito, unarahisishia jeki. Usiingize hata mkono chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake, tairi ulilotoa lisukume chini ya chasisi pembeni yako, ni akiba ya bure.

Na kabla hujainua chochote, mzigo ukiwa bado ndani, maji yamejaa, chukua tepu upime kutoka katikati ya gurudumu kwenda juu mpaka ukingo wa madigadi, kila kona, uandike kwa chaki palepale kwenye madigadi. Yangu ya mbele ilisoma sentimita 46 kushoto na 45 kulia, upande wa tangi. Hizo namba utazihitaji mwisho, na ndo zinakuokoa kama huna shimo la kusimama chini ya gari.

Kununua

Nenda na ya zamani mkononi, usiende na jina la gari tu. Hiace zipo nyingi, na bushi mbili zinazofanana kwa macho zinapishana milimita mbili. Kariakoo utasikia "bosi hii orijino ya Japani" kila duka, we weka ya zamani na mpya sambamba juu ya meza: urefu wa bomba la ndani uwe sawa, upana wa nje uwe sawa, raba iwe imeshikana na chuma mzunguko mzima, ukichokonoa kwa kucha usione upenyo. Kama ya zamani ina matundu au mshale, mpya iwe nayo. Nunua za pande zote mbili hata kama upande mmoja ndo unagonga, ukiweka mpya kushoto ukaacha chakavu kulia gari itavuta.

Bushi za kuchonga za nailoni au raba ya tairi, mimi kwenye stablaiza ningekubali nikiwa nimekwama safarini, kwenye ami ya chini hapana. Zile za rangi nyekundu au njano za poliyurethani ni ngumu na zinadumu, ila hazinyongeki kama raba, zenyewe zinazunguka kwenye bomba lake, kwahiyo zinataka grisi ya silikoni wakati wa kufunga, la sivyo zitalia mpaka ujute. Barabara za rafu utazihisi mgongoni zaidi. Kwa gari ninayolala ndani yake nimebaki na raba.

Bolti zilizoliwa na kutu usibadilishe na bolti yoyote iliyopo kwenye kopo. Angalia namba kwenye kichwa, 8.8 au 10.9, irudi yenye namba hiyo au zaidi.

Kuzibadilisha

Stablaiza haina maneno, fungua vibanio, raba ina mpasuko, itoe, safisha chuma kwa brashi ya waya, vaa mpya kwa maji ya sabuni, funga. Saa moja pande zote.

Strati ba ina mtego mmoja. Pale mbele kuna nati ya nje, na nyuma ya bushi kuna nati nyingine kwenye uzi huohuo. Hiyo ya nyuma ndo inayopanga tairi likae mbele au nyuma kiasi gani. Usiiguse. Ipige alama ya rangi kabla hujafanya lolote, pima na umbali wake mpaka mwisho wa uzi. Fungua ya mbele, fungua bolti mbili zinazoishika fimbo kwenye ami, ivute nyuma, vua washa na raba, zipange chini kwa mpangilio zilivyotoka maana zile washa za kikombe zina upande wake. Yangu ilikuwa imeganda kwa kutu ya bahari, nikaipulizia dawa ya kulegeza kutu jioni, nikaipulizia tena kabla ya kulala, asubuhi ikatoka na spana ndefu bila ugomvi. Ukiilazimisha siku hiyohiyo utavunja uzi.

Sheko za nyuma kwenye springi hizi bushi ni nusu mbilimbili, nusu inaingia kulia nusu inaingia kushoto. Jicho la mbele nusu mbili, sheko chini mbili, sheko juu mbili, kwahiyo sita kwa upande, kumi na mbili gari zima. Inua chasisi iegemee stendi, weka jeki ya pili chini ya ekseli ili springi isivute wala isisukume, pandisha shusha kidogokidogo mpaka pini ichezeke kwa mkono. Pini ikikataa ni kwamba bado kuna uzito juu yake, rudi kwenye jeki, usirudi kwenye nyundo. Tundu likiwa na kutu piga msasa mpaka laini, kutu ikibaki inaitafuna raba mpya kuanzia siku ya kwanza. Ingiza kwa maji ya sabuni.

Ami sasa, hapo ndo kazi. Ami iliyoungwa na torsheni ba imebeba uzito wa gari kwa nguvu ya kunyongwa, na nguvu hiyo lazima uitoe kabla hujafungua bolti hata moja. Piga alama ya rangi inayovuka kutoka kwenye ba kwenda kwenye kipande kinachoishika, pima urefu wa uzi unaoonekana kwenye bolti ya kurekebishia, andika, halafu ilegeze taratibu huku tairi likiwa hewani na hesabu mizunguko. Kama hujawahi kuifanya, mara ya kwanza mlipe fundi anayeijua afanye wewe ukiangalia. Ikiachia ghafla inavunja mkono. Ukikuta vibati vyembamba kati ya ami ya juu na chasisi, vihesabu na kila kimoja kirudi tundu lake, ndo vinavyoshika kulala kwa tairi.

Kuitoa bushi kwenye ami, mimi napeleka kwa presi, sioni sababu ya kuteseka. Ukitaka mwenyewe unaweza kutengeneza kivutio: bolti ndefu nene, nati, washa kubwa, kipande cha bomba ambacho bushi inapita ndani yake, na boksi spana yenye upana mdogo kidogo kuliko bushi upande wa pili, unakaza nati bushi inasogea kuingia kwenye bomba. Ikigoma, toa raba, pitisha msumeno wa chuma ndani ukate bomba la nje mstari mmoja, polepole, ukifika karibu na ami acha, malizia kwa tindo kuikunja. Kuchoma raba kwa moto watu wanafanya, ni moshi wa sumu na inaharibu rangi na chuma, mimi nimeacha. Kabla haijatoka chora alama inavyokaa, matundu ya raba yanaangalia wapi, ipi mbele. Mpya ilaze kwenye friza usiku mzima, chuma kinasinyaa kidogo, asubuhi inaingia kwa heshima. Sukuma kwenye bomba la nje tu, ukisukuma la ndani unaipasua raba kabla haijafanya kazi hata siku moja. Na bushi iliyogandishwa haipakwi grisi ya aina yoyote, inaingia kavu.

Kukaza

Bolti zote ziingie, nati zishikwe kwa mkono na spana kidogo, zisicheze ila zisibane. Torsheni ba irudi kwenye alama zake. Tairi vaa, gari shusha. Sasa rudisha nyumba ndani: maji yajae tangi, mtungi, godoro, masufuria, kila kitu unachosafiri nacho. Itikise gari mbele na nyuma mara tano sita kwa uzito wako, isogeze mbele mita moja urudishe, ili ikae inapotaka kukaa. Hapo ndo ingia chini na ukaze mpaka kipimo cha kitabu cha gari lako, kwa toki renchi, ile inayopima nguvu ya kukaza. Kama una shimo la gereji vizuri sana. Kama huna, ipandishe matairi yote manne juu ya mbao pana nene ili upate nafasi ya kuingia.

Ikishindikana kabisa, zitumie zile namba za chaki. Tairi likiwa limetoka na chasisi iko kwenye stendi, inua ami ya chini kwa jeki mpaka kutoka katikati ya habu kwenda madigadi isome namba ileile, 46 kwangu kushoto, ndipo ukaze. Raba haijui kama ni tairi au ni jeki imeinua, inachojua ni pembe ya ami.

Nati za sheko na pini za nyuma nazo vilevile, chini, na mzigo.

Ikigoma kupona

Umefunga, umejaribu, bado kuna kitu. Ikigonga kama zamani, ulikosea mgonjwa, rudi kwenye stablaiza na boljointi. Ikigonga tofauti na zamani, kuna nati hujaimalizia, mara nyingi ni ile uliyosema "hii nitaikaza mwisho". Ikivuta upande mmoja na ulifungua strati ba, linganisha alama za nati ya nyuma kushoto na kulia. Usukani kukaa upande gari ikienda wima ni kawaida baada ya ami kutoka, kafanye alaimenti. Mbele ikiwa imepanda kuliko kabla, torsheni ba imerudi jino moja nje ya alama, usiipuuze kwa kulegeza bolti tu, fungua urudishe.

Alaimenti nayo kafanye gari ikiwa na mzigo wake. Nilipofika na godoro na ndoo ndani kijana wa pale aliniambia "kaka shusha kwanza hivi vitu", nikamwomba aviache, na tangi likiwa limejaa. Baada ya kilomita 100 hivi nikaingia chini tena na renchi, nati moja ya sheko ya kulia ilikubali robo mzunguko, nyingine zote zilikuwa zimekaa. Sasa ina mwezi wa kumi na sita, nimeshaipeleka Lushoto mara mbili, na wiki iliyopita nilichungulia na tochi bushi za ami ya chini: raba bado imeshika bomba mzunguko mzima.